Tumbawe Lililopigwa Eksirei Kahama

Vijana wanaonitembelea hapa Tinde huanza na swali lilelile: "Bibi, mtu wa Shinyanga alifikaje kusomea bahari?" Wanauliza kwa adabu, lakini nawaona wanavyotazama ng'ombe wanaopita na vumbi lao, kisha wananigeukia mimi kama vile nimewaambia niliwahi kufuga nyangumi.

Nilifika kwa kupangiwa. Niliomba kusomea mifugo, chuo kikanipa viumbe vya majini. Baba yangu, mfugaji wa tangu kuzaliwa, aliniuliza hayo matumbawe ninayokwenda kuyasomea ni kitu gani. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: tumbawe ni mnyama mdogo sana, anaishi na wenzake maelfu kwa maelfu, wanajijengea nyumba ya mawe chini ya bahari, na hawahami.

"Hatembei?"

"Hatembei, baba."

"Halii? Hana maziwa?"

"Hana."

"Sasa unamchunga wa nini?"

Nikaenda zangu pwani.

Kuogelea nilijifunza nikiwa mtu mzima, jambo ambalo siwashauri. Kwetu maji mengi yalikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe, na lambo tuliambiwa lina mdudu anayevuta watoto miguu. Aliyenifundisha ni Dokta Rukia, mwanamke wa Tanga, mkuu wa kundi letu la utafiti. Alinishika kidevu juu ya maji kama anayemnywesha mtoto uji, huku akisema, "Kabula, bahari haina haja na wewe. Acha kupigana nayo." Siku aliponiachia na nikatazama chini kwa miwani ya kuzamia, nilipiga kelele ndani ya mpira wa kupumulia. Nilitegemea kuona mawe. Niliona pembe za swala za rangi ya zambarau zimesimama kwa mamia, na meza za duara pana kuliko nyungo. Samaki wa njano walikuwa wakigeuka wote kwa mara moja, kama shamba la alizeti lingeweza kugeuka kwa kufumba na kufumbua. Tena palikuwa na sauti! Hakuna aliyeniambia kwamba mwamba hai una sauti. Unatatarika kama bisi kwenye kikaango, mchana kutwa. Nilitoka majini kuvuta pumzi tu, nikarudi tena.

Nawasimulia haya ili mjue nilipenda nini kabla sijawaambia nilichoharibu.

Mnasikia wazazi wenu wakitaja mvua za El Nino. Huku bara tuliona barabara zikikatika na nyumba za udongo zikilala chini. Baharini yalikuja joto. Maji yalipata moto kupita kawaida, na matumbawe yakapauka: yalitoa ile mimea midogo inayoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe kama mifupa. Mengi hayakurudi. Nilizama na Dokta Rukia mahali nilipopiga ile kelele yangu ya kwanza, na safari hii mwamba ulikuwa kimya. Nilimwona amesimamisha mikono, hapigi mbizi wala hapandi. Miwani ya kuzamia ikijaa machozi, vijana, hamna namna ya kuyafuta.

Kulikuwa na kijiji kimoja kisiwani Mafia tulichokuwa tukifanya nacho kazi. Baada ya kupauka kule, wavuvi wake walikubali kufunga sehemu moja ya mwamba, pasivuliwe kabisa, ili papumzike. Miaka miwili ikapita, na kwa macho hapakuwa na mabadiliko. Mzee Shomari, mwenyekiti wa wavuvi, alitusimamisha mkutanoni.

"Nyinyi mnasema patapona," alisema. "Mmewahi kuona pakipona, au mmesoma tu?"

Dokta Rukia hakuwa mtu wa kudanganya. "Mimi sijawahi kuona, mzee. Lakini yupo aliyekuwepo zamani kuliko sisi sote. Tupe nafasi tumuulize."

Alikuwa akisema juu ya tumbawe moja kubwa lililomo katika sehemu ile iliyofungwa. Wanakijiji waliliita Kichuguu, kwa sababu ya umbo lake, na ukubwa wake ulikuwa wa kibanda cha mtu mmoja. Joto lilikuwa limelipausha, lakini lilinusurika. Tumbawe la namna ile huongeza tabaka la mawe kila mwaka, kama mti unavyoongeza pete. Ukilitoboa kutoka juu mpaka katikati ukatoa mche mrefu wa jiwe, unaweza kusoma miaka yake: mwaka mwema, mwaka wa shida, na kama liliwahi kuumia hivi huko nyuma likapona. Tulipata kibali cha kutoboa mara moja tu. Waliotupa walikuwa na haki. Kile ni kiumbe hai.

Kazi nikapewa mimi, nikaambiwa nijaribu kwanza kwenye tumbawe dogo nje ya eneo lililofungwa. Nilizama na keekee ya upepo, nikatoboa vizuri, nikatoa vipande kumi na kitu vya mche, nikavitia kwenye ndoo. Nikapanda juu na furaha zangu. Ufukweni Dokta Rukia akachungulia ndoo.

"Kipi cha juu?" akauliza.

Nikaokota kimoja. Nikakigeuza. Nikaokota kingine. Vyote vilikuwa vyeupe, duara, vina matundutundu, na kila kimoja kingeweza kuwa cha kwanza au cha mwisho, kichwa juu au kichwa chini. Nilikuwa na kitabu kilichochanwa kurasa, na kurasa hazina namba.

Hakunigombeza. Alikaa juu ya mtungi wa hewa, akasema taratibu, "Umemtoboa bure."

Maneno hayo mawili yamenifunza kuliko chuo kizima.

Nikaomba likizo, nikaenda Kahama kwa kaka yangu kujificha. Wakati ule Kahama ilikuwa imejaa watafiti wa dhahabu, kabla hata shimo la Buzwagi halijachimbwa, achilia mbali kufungwa kama mnavyoliona leo. Jirani wa kaka alikuwa Luhende, Msukuma kama sisi, amenizidi miaka kama kumi na miwili, mchorongaji wa miamba. Kazi yake ilikuwa kutoboa ardhi kwa mashine na kutoa mche wa jiwe, wataalamu waangalie kama kuna dhahabu. Nilipomsimulia aibu yangu hakucheka. Aliniambia, "Kesho njoo kazini kwangu."

Alinipeleka kwenye banda refu la mabati. Chini, kutoka ukuta hadi ukuta, kulikuwa na trei za mawe. Mamia ya trei, na katika kila trei miche imelala kwa mstari, kila kipande kimegusana na mwenzake pale pale kilipovunjikia. Katikati kulikuwa na vibao vidogo vya mti vilivyoandikwa kina. Juu ya kila kipande palichorwa mistari miwili, mwekundu na mweusi, ikienda pamoja kama reli.

"Ukitazama kuelekea juu ya ardhi, mwekundu uko kulia," alisema Luhende. "Hata kipande kikidondoka, hata mtoto akikichezea, nitakirudisha mahali pake na uso wake utatazama juu. Tunachora kabla jiwe halijatoka mkononi. Si baadaye. Baadaye hakuna."

Alichukua kipande kimoja, akakimwagia maji ili rangi zitokeze. Kilikuwa na mistari ya kijivu na myekundu, myembamba kama nyuzi.

"Hili linatoka Geita. Wataalamu wanasema hii mistari ilitulia tope juu ya tope, chini ya maji. Bahari, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Zamani sana, kabla hakujawa na samaki."

Nilikishika kile kipande kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kuikimbia bahari, kumbe nilizaliwa juu yake. Nikakigeuza, nikakigeuza tena. Luhende akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza upya.

Nikamkatisha. "Kaka Luhende, unaweza kuja Mafia?"

"Kufanya nini? Mimi hata lambo naliogopa."

"Hutaingia majini. Utakaa kwenye boti, ushike kompresa na uniambie nafanya nini vibaya."

Akafikiri. Kambi yao ilikuwa kwenye mapumziko ya masika. "Nyanza hiyo," akasema, akitumia neno letu la maji makubwa, "ina chumvi kweli, au watu wanasema tu?"

Alikuja. Alipofika ufukweni alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema, "Kweli." Kisha akapasua mabomba ya plastiki kwa urefu, akatutengenezea trei za kulaza vipande. Alikata vibao. Alinitafutia kalamu ya nta isiyofutika kwenye maji, akanifanyisha mazoezi nchi kavu, kwa muwa, nikiwa nimefumba macho: kata, shika, chora, laza. Kata, shika, chora, laza. Watoto wa kijiji walikula muwa mwingi sana wenye mistari myekundu na myeusi.

Siku ya kutoboa Kichuguu, tulizama mimi na Dokta Rukia. Maji yalikuwa na kina cha watu watatu. Luhende alikaa botini amejifunga maboya mawili ya kuokolea, moja juu ya lingine, mkono wake umeshika mpira wa upepo unaoshuka hadi kwenye keekee yangu. Tulikubaliana ishara za kamba: mvuto mmoja endelea, miwili simama. Nikiwa nimetoboa kama urefu wa mkono, ilikuja mivuto miwili. Sikuona tatizo lolote. Nikaendelea. Ikaja tena miwili, kwa hasira. Nikasimama, nikachomoa biti, ile ncha ya kutobolea, na meno yake yalikuwa yamelika karibu yote. Ningeendelea kidogo tu ningesaga mche kuwa unga. Yeye, mtu asiyeweza kutazama maji bila kushika ubao wa boti, alikuwa ameisikia biti ikichoka kwa kupitia mtetemo wa mpira.

Tulitoa mche wote, kipande kwa kipande, na kila kimoja nilikichora kabla hakijaachia mkono wangu. Tuliziba tundu kwa saruji ili wadudu wasiingie. Kwenye trei ule mche ulikuwa mrefu kama mimi, na mimi si mfupi.

Kulikuwa na mahali pa kuusoma Dar es Salaam, lakini msumeno wao ulikuwa umeharibika. Luhende akasema, "Kahama tuna msumeno wa almasi unaokata jiwe kama mkate." Basi tukasafiri na bahari yetu kurudi nyumbani, imefungwa kwenye magunia, ikinuka samaki njia nzima, abiria wakitutupia macho. Luhende aliukata mche kwa urefu, akatoa bamba jembamba kama kidole. Kwa macho ya kawaida lilikuwa jeupe tupu. Mistari ya miaka huonekana kwa eksirei tu. Na Luhende alimfahamu mpiga eksirei wa hospitali moja pale mjini, maana wachorongaji hupimwa mapafu kila mwaka kwa ajili ya vumbi.

Tuliingia baada ya bwana mmoja aliyevunjika mkono. Mpiga eksirei alifungua daftari.

"Jina la mgonjwa?"

"Kichuguu," alijibu Luhende, bila kutabasamu.

"Umri?"

"Ndio tuliokuja kuutafuta."

Aliweka kalamu chini. Nilifungua gunia, nikamweleza. Alilitazama bamba lile kwa muda, akapitisha kidole kwenye vitundu vyake, kisha akalilaza kwenye meza yake kwa upole uleule aliompa yule bwana wa mkono. "Asitikisike," alisema.

Picha ilipotoka na kubandikwa kwenye taa, sote watatu tuliisogelea. Lile jiwe jeupe tupu lilikuwa na mistari. Mwanga, giza, mwanga, giza, kutoka juu hadi chini, mamia, kila jozi mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimesoma habari hii vitabuni na kuijibia mitihani. Kuiona ni kitu kingine.

Luhende alichukua pini, akaanza kuhesabu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Karibu na juu kabisa palikuwa na mstari mnene wa giza. "El Nino," nikasema. Akaendelea kushuka. "Hapa nilioa." Akashuka. "Hapa nilizaliwa." Akashuka sana. "Hapa ndipo wanaposema alizaliwa baba." Pini ilikuwa haijafika nusu. Chini ya hapo hakuwa na jina la kutaja, na wala mimi sikuwa nalo. Aliendelea kuhesabu kimyakimya, mpaka ile pini ikasimama.

"Mayu. Hapa alikufa."

Niliinama. Mistari ilikuwa imekatika. Palikuwa na kovu pana, limeliwaliwa na wadudu, baya kuliko lile la El Nino. Kisha nikaona juu ya kovu: mstari mmoja mwembamba sana, umepinda. Juu yake mwingine, mpana kidogo. Halafu mwingine. Kama miaka tisa hivi ya kujikongoja, kisha mistari ikanyooka na kuendelea kama zamani.

"Hakufa," nikasema. "Aliugua, akaanza upya pembeni, akaliziba kovu lake."

Mpiga eksirei alisogea, akatazama, akasema kama anayesoma majibu ya mtu: "Huyu ameunga vizuri."

Tuliipeleka ile picha kijijini, na Luhende akaja tena, kwa hiari yake. Mkutanoni tuliinua picha ile kuelekea jua, watu wakapita mmoja mmoja. Mzee Shomari aliishika muda mrefu kuliko wote. Alitaka aonyeshwe mwaka wa kuzaliwa kwa babu yake. Aliuliza juu ya kovu, na miaka tisa, na nikamjibu bila kupunguza. Watu wakaguna. Miaka tisa ni mingi kwa mwenye njaa.

"Nimeona kwamba linapona," alisema hatimaye. "Lakini hilo ni zee moja lenye roho ngumu. Hayo mengine yaliyokufa, nani anarudi mahali pake? Nawapa mwaka mmoja. Zaidi ya hapo, wajukuu zangu hawali eksirei."

Watu walicheka, mimi nikacheka nao, lakini nilijua ametushinda. Swali lake lilikuwa sahihi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepima mwamba ule kwa kamba na ubao, mita kwa mita, na kila mara niliandika: maiti, maiti, mchanga, maiti.

Kesho yake asubuhi maji yalikupwa sana. Luhende aliniomba miwani ya kuzamia. Sikuamini. Tukatembea hadi maji yalipofika kiunoni, kando ya ile sehemu iliyofungwa, akanishika bega kwa nguvu ya mtu anayeshika gogo kwenye mafuriko, nami nikamshika mkanda wa suruali. Akatumbukiza uso. Akautoa, akakohoa. Akautumbukiza tena. Safari hii hakuutoa.

Alikaa hivyo mpaka mgongo wake ukaanza kubabuka kwa jua. Nilimvuta mkanda, akanipiga kofi la mkono kama anayefukuza nzi. Kumbukeni, mtu huyu alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akitafuta kwenye jiwe chembe ndogo kuliko punje ya ulezi. Macho yake hayakutafuta meza wala pembe za swala. Yalikuwa yanasoma jiwe.

Alipoinua kichwa, maji yalimtiririka usoni na hakuyafuta.

"Mayu, wewe uliandika hapa pamekufa?"

"Ndiyo."

"Tazama kwenye kivuli. Chini ya kingo. Usitazame juu."

Nilizamisha uso, nikaweka jicho karibu na jiwe, karibu kiasi ambacho sikuwahi kukaribia, maana kamba yangu ilipita juu na mimi nilipita na kamba. Kwenye kivuli cha ukingo palikuwa na doa la waridi lililo kubwa kama kifungo cha shati. Lilikuwa na kikombe kidogo, na kikombe kina mikono midogo, na mikono ilikuwa inacheza. Pembeni yake lingine. Chini, matatu. Nikasogea kwenye ukingo mwingine, na mwingine. Matumbawe machanga, kila mahali. Yalikuja yakielea, wala hatukujua kutoka wapi, madogo kuliko vumbi, yakachagua jiwe hili la wafu, yakaanza ujenzi, na mimi mtaalamu mzima nilipita juu yake miaka miwili na penseli yangu.

Niliibuka. Luhende alikuwa tayari anapunga mkono kuelekea ufukweni, anamwita Mzee Shomari kwa sauti ya mtu anayeita kwenye mbuga: aje, aje haraka, na awalete wale wajukuu.

Mzee alikuja amekunja shuka mpaka mapajani. Nilimvalisha miwani. Akainama mahali Luhende alipomwonyesha. Tulisubiri, sisi watu wawili wa Shinyanga, maji ya chumvi yakitufika kiunoni; nikazamisha sikio, na kwa mbali sana, kutoka upande wa Kichuguu, nilianza kusikia kitu kikitatarika kama bisi kwenye kikaango.